Amplifaya kwenye Buti: Hewa Kwanza, Urembo Baadaye

Amplifaya nyingi ninazoletewa kwa madai kwamba zimekufa huwa ni nzima. Mwenye gari atasema, "Kaka, inapiga vizuri nusu saa, halafu inakata. Ukiiacha kidogo inarudi." Hapo sihitaji hata bisibisi. Amplifaya inayokata ikipata moto na kurudi ikipoa inajilinda, na kazi hiyo imeifanya sawasawa. Kinachotaka kurekebishwa ni buti la gari: amplifaya imefungwa wapi, imelala vipi, hewa inapitia wapi na umeme unaifikiaje. Hapa Dar es Salaam, ambako Februari joto la nje tu linapita nyuzi 30 na ndani ya gari lililoegeshwa juani linaweza kuvuka 50, mambo hayo manne nayapa uzito kuliko chapa ya amplifaya na wati zilizoandikwa kwenye boksi lake.

Joto lenyewe halikwepeki, kwa sababu hakuna amplifaya inayogeuza umeme wote kuwa sauti. Zile za klasi AB (klasi ni aina ya saketi ya ndani), ambazo wengi bado tunazipenda kwa spika za milangoni, zikifanya kazi kwa nguvu hupoteza karibu nusu ya umeme zinaokula. Za klasi D, hizi ndogo za kuendeshea sabufa, zina afadhali kubwa: asilimia 80 au zaidi ya umeme inafika kwenye spika. Lakini piga hesabu. Klasi D inayotoa wati 500 kwa ufanisi wa asilimia 80 inavuta wati 625, na zile 125 zinabaki kuwa joto. Ni sawa na kuwasha balbu ya zamani ya wati 100 na zaidi ndani ya buti lililofungwa. Muziki una mapumziko yake, kwa hiyo wastani huwa chini ya hapo, ila kwa mtu anayepiga besi nzito kwenye foleni kutoka Mbagala hadi Bunju mapumziko hayo ni machache.

Mahali ambapo sifungi amplifaya, hata mteja akisisitiza, ni juu ya boksi la sabufa. Najua ndivyo wanavyofanya wengi, maana ni rahisi na waya unakuwa mfupi. Lakini boksi linatikisika muda wote. Mtikisiko unalegeza skrubu zinazobana nyaya, na ndani unachosha ile risasi ya kulehemu iliyoshikilia vifaa vizito kwenye bodi ya saketi mpaka inapasuka. Waya uliolegea unapata moto pale pale unapoungana, kisha unaunguza plastiki ya tundu lake. Ukifungua amplifaya kama hiyo utaikuta harufu kabla hujaona chochote.

Sehemu ya pili ninayoikwepa ni chini ya rafu ya nyuma, kichwa chini miguu juu. Inapendeza, haionekani, na mizigo inapita chini yake. Tatizo ni kwamba hewa ya moto inapanda. Mapezi ya alumini, yale mabati yaliyojipanga kwenye mwili wa amplifaya ili kutoa joto, yakiangalia chini, joto linapanda na kunaswa kati ya amplifaya na bati. Ya tatu ni shimo la tairi la spea. Ni sehemu ya chini kabisa ya buti, kwa hiyo mpira wa mlango wa buti ukichoka maji ya mvua yanajikusanya hapo, na kwenye magari mengi bomba la ekzosi au sailensa inapita jirani. Kabla hujalipenda shimo hilo, endesha gari saa nzima, simama, weka kiganja kwenye sakafu yake. Jibu utalipata hapo hapo.

Ninapopapenda mimi ni nyuma ya mgongo wa siti ya nyuma, amplifaya ikisimama wima na mapezi yakielekea juu na chini, ili hewa baridi iingie chini na ya moto itoke juu bila kulazimishwa. Naifunga kwenye ubao wa plaiwudi wa milimita 12 au 18, siyo moja kwa moja kwenye bati. Ubao unaitenga amplifaya na bodi ya gari, jambo linalosaidia kuzuia ule mvumo wa altaneta unaopanda na kushuka pamoja na resi, na skrubu zake zinaishia kwenye mbao. Hili la skrubu naomba ulichukulie kwa uzito. Kwenye magari mengi ya saluni tangi la mafuta liko chini ya siti ya nyuma, na mabomba yake yanapita karibu. Mtu anayetoboa sakafu bila kuinama kuangalia chini ya gari anacheza na maisha ya watu.

Pande zote acha nafasi ya walau sentimita 5. Ukivalisha ubao kapeti, na mimi huvalisha kwa sababu buti safi linanifurahisha, kata na uondoe kipande kinachokaa chini ya amplifaya. Kapeti ni blanketi. Kwenye gari kama IST au Probox, ambalo mgongo wa siti unalala, ubao utalala nao, kwa hiyo acha nyaya ziwe na ulegevu wa kutosha na ujaribu kulaza siti mara kadhaa ukizitazama kabla ya kufunga kazi.

Sasa feni. Amplifaya iliyokaa wima mahali pa wazi mara nyingi haizihitaji. Ila wapo wanaotaka sakafu ya uongo, amplifaya imezama ndani, juu kuna kioo cha plastiki na taa za buluu. Kazi hiyo naifanya, kwa sharti moja: feni ziwe mbili na matundu yawe mawili, kila moja upande wake, yote yakifunguka nje ya kile kisanduku. Feni moja inaingiza hewa, nyingine inaitoa, na hewa inapita kwa urefu wa mapezi, siyo kuyakata. Feni inayozungusha hewa ile ile ya moto ndani ya kisanduku inapiga kelele tu. Feni za kompyuta za volti 12, zenye milimita 80 au 120, zinafaa, na hata Kariakoo utazipata zilizotumika kwa bei nafuu. Zizungushe kwa kidole kwanza, inayokwaruza iache.

Zisiunganishwe kwenye waya wa rimoti wa redio moja kwa moja. Waya ule umetengenezwa kupeleka ishara ya kuwasha, na ukiubebesha amplifaya mbili na feni mbili unaweza kuunguza redio. Weka rilei ya kawaida ya magari, yaani swichi inayowashwa kwa umeme mdogo, ile yenye namba chini yake: 86 inapokea rimoti, 85 inakwenda ethi (hasi, yaani bati la gari), 30 inachukua umeme wa betri kupitia fyuzi ndogo ya ampea 3 au 5, na 87 inakwenda kwenye feni. Redio ikizimwa, feni zinazima. Na kwa sababu feni zinavuta vumbi, kama mtaa wenu hauna lami pitisha brashi laini kwenye mapezi na kwenye feni zenyewe kila unapoosha gari. Vumbi likishagandamana na unyevu wa pwani linakuwa tope kavu, na joto halitoki tena.

Ipo sababu nyingine ya joto ambayo watu hawaitafuti kwenye buti, nayo ni waya wa umeme. Waya wa shaba wa geji 4 (namba ya geji ikiwa ndogo, waya ni mnene zaidi) una unene wa milimita za mraba 21 hivi. Ukiuvuta mita 5 kutoka kwenye betri na amplifaya ikala ampea 60, njiani unapoteza kama robo ya volti. Waya wa geji 8, umbali ule ule na mzigo ule ule, unapoteza zaidi ya nusu volti, na wenyewe unatoa joto la wati 36 hivi chini ya kapeti lako. Volti zikipungua, amplifaya inafika kikomo mapema, mawimbi ya sauti yanakatwa vichwa, mwenye gari anaona besi imepungua na anapandisha geini, ile skrubu ya kukuza sauti kwenye amplifaya. Hapo joto linaongezeka kwa amplifaya na kwa koili ya sabufa pia.

Usiamini unene wa plastiki ya nje. Chukua uzi mmoja wa waya, uparuze kwa wembe. Shaba ni nyekundu mpaka ndani. Ukiona weupe chini ya ule wekundu, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, na alumini inapitisha umeme kwa asilimia 60 hivi tu ya shaba. Siyo kwamba haifai kabisa, bali unapaswa kununua unene mkubwa zaidi. Fyuzi kubwa ikae karibu na betri, ndani ya nusu mita, kwa sababu kazi yake ni kulinda waya wote unaofuata. Fyuzi iliyowekwa kwenye buti inaacha mita zote za nyuma yake bila ulinzi.

Ethi nayo inataka subira. Tafuta bati nene la bodi, piga msasa mpaka rangi na praima viishe na chuma king'ae duara lote la kichwa cha waya, kaza kwa boliti na nati, kisha paka grisi juu yake ili chumvi ya pwani isile. Skrubu ya bati iliyokazwa juu ya rangi si ethi. Waya wake uwe mnene sawa na ule wa betri, na mfupi.

Pia hesabu omu, yaani ukinzani wa spika. Sabufa mbili za omu 4 zikiungwa sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, zinakuwa omu 2, na amplifaya isiyoruhusu chini ya 4 itachemka hata ukiiwekea feni kumi. Pima kwa multimita kabla ya kuunga. Spika ya omu 4 kwa kawaida inasoma chini kidogo, tatu na kitu.

Ukimaliza, piga muziki unaoupenda kwa sauti unayoizoea nusu saa, injini ikiwaka, kisha pima volti kwenye matundu ya amplifaya besi ikigonga. Zikibaki juu ya 13, vizuri. Zikishuka chini ya 12, rudi kwenye ethi, waya, betri na altaneta, kwa mpangilio huo. Halafu weka kiganja kwenye mapezi. Ukiweza kukiacha hapo, basi joto halijafika pabaya. Ukikitoa haraka, limekaribia nyuzi 60 au limezidi, na buti bado linataka hewa. Ikikatia njiani, punguza sauti na ufungue buti, na usiimwagie maji wala kuiwekea barafu. Na kabla ya safari ya mkoani, angalia begi au gunia halijaegemea mapezi. Kipande cha wavu wa chuma kilichofungwa sentimita 5 mbele yake kinamaliza tatizo hilo.