Wala nyama kwa Kihispania: kaza sauti mahali pake, kisha ujue mgeni katoka nchi gani

Msomaji mmoja anayeongoza watalii Serengeti ameandika akiomba orodha ya wanyama wala nyama kwa Kihispania, maana msimu huu kapangiwa wageni wa Uhispania na Meksiko. Orodha atapata. Ila wenzetu wengi wamekariri majina yote na bado mgeni anakunja uso, kwa sababu mkazo umekaa pabaya au jina lenyewe kwao ni la mnyama mwingine.

Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, nasi tunakwenda na mazoea hayo kila mahali. Kwa leopardo (chui), guepardo (duma), civeta (fungo) na mangosta (nguchiro) mazoea hayo yanakusaidia. Yanakuangusha kwenye león (simba), licaón (mbwa mwitu), chacal (bweha), serval (mondo) na caracal (simbamangu), ambayo yote hukazwa mwishoni: le-ÓN, cha-KAL. Neno likiishia kwa irabu, n au s, kaza ya pili kutoka mwisho. Likiishia kwa konsonanti nyingine, kaza ya mwisho. Ukiona alama juu ya irabu, kaza hapo hapo. Kwenye wingi unarudi nyumbani: le-O-nes, cha-KA-les.

Matamshi mengine ni mepesi. H haisomwi, kwa hiyo hiena (fisi) huanza kama "ye". U ya guepardo haisikiki. V husomwa b. J ya jineta (kanu) ni kh ya Khamis, kama wanavyoitamka watu wa Unguja.

Jinsia nayo ina mtego wake. Hiena ni neno la kike hata ukimwonyesha dume: la hiena macho (macho ni dume). Duma ni wa kiume hata akiwa na watoto: el guepardo hembra (hembra ni jike). Usijitungie jike kwa kugeuza o kuwa a. Bweha masikio ni zorro orejudo, na ukisema zorra umetaja mbweha jike na pia umetamka tusi kwa mwanamke. Gari lina akina mama. Sema hembra, yaishe.

Mahali wengi wanapokosea ni mbwa mwitu. Sisi jina hilo tunampa mnyama wetu mwenye mabaka na pia yule wa hadithi za Ulaya. Ukisema lobo, mgeni anatafuta mnyama wa kijivu. Ukisema perro salvaje peke yake, anaweza kudhani ni mbwa waliotoroka kijijini. Sema licaón, kisha mwonyeshe masikio ya duara, na mweleze kuwa miguu ya mbele ana vidole vinne, wakati mbwa wa nyumbani ana vitano. Kwa bweha, chacal de lomo negro ni yule wa mgongo mweusi, na chacal rayado ni wa miraba. Yule wa tatu vitabu vya zamani vinamwita chacal dorado, lakini tangu utafiti wa vinasaba wa 2015 anaitwa lobo dorado africano. Mgeni aliyesoma atakuuliza, kwa hiyo uwe umejiandaa.

Mhispania mpe wanyama anaowajua. Jineta común wanaishi kwao pia, na yule nguchiro mkubwa wa kijivu mwenye ncha nyeusi mkiani kwao ni meloncillo. Simbamangu ni caracal. Wapo wanaomwita lince africano kwa ajili ya manyoya ya ncha za masikio, ingawa si ndugu wa karibu wa lince (paka mwitu wa mkia mfupi). Hapo mtaje lince ibérico, ambaye mwaka 2024 alitolewa kundi la walio hatarini kutoweka akawekwa daraja nafuu zaidi. Utaona uso wake unavyochangamka.

Na wa Amerika ya Kilatini? Mchile akisema león huenda anamwaza puma. Sehemu nyingi tigre ni jaguar, basi usimcheke mtu aliyeuliza tigre. Mweleze kwa upole kuwa hapa kuna leopardo. Nyegere wapo wanaomwita tejón, ila kwa Mmeksiko jina hilo mara nyingi ni koati (mnyama mdogo wa huko mwenye pua ndefu), hivyo mwite ratel.

Wenzangu, tunataka kazi ya wageni wa Kihispania na bahshishi yake, basi tuifanyie kazi. Chukua majina kumi tu kwa wiki, uyaseme kwa sauti pamoja na el (ya kiume) au la (ya kike), umoja na wingi, ukiwa unaosha gari. Kukariri kimoyomoyo hakufundishi ulimi.

Fisi maji ni nutria, ila kwa Muajentina neno hilo ni panya mkubwa wa majini mwenye meno ya rangi ya chungwa. Kwake ongeza lobito de río, ndivyo wanavyomwita kwao.