Fundi anataka kufunika jointi zote chini ya epoksi. Nimruhusu?

Swali: Shikamoo mhandisi. Nina jengo la kufungashia parachichi hapa Njombe. Slabu, yaani sakafu ya zege, ni mita 24 kwa 12, ilimwagwa Novemba kwa siku mbili, ikakatwa kwa mashine kila mita 4. Upande mmoja inapakana na ghala la zamani. Mnunuzi anataka epoksi (mpako mgumu wa sakafu) isiyo na mistari ya kukusanya uchafu. Fundi anasema atajaza jointi zote, yaani mianya kati ya vipande vya zege, kwa epoksi na mchanga, apake juu, zisionekane. Nimruhusu?

Jibu: Marahaba. Zote, hapana. Baadhi, inawezekana. Una jointi za aina tatu na fundi wako amezitia kapu moja.

Ya hatari ni ile kati ya slabu mpya na ghala la zamani. Hayo ni majengo mawili yenye misingi miwili, kila moja linatulia kivyake. Hiyo usiifunike kwa vyovyote, wala pengo linalozunguka nguzo. Mita 24 za zege zikipata joto la nyuzi 15 zaidi hurefuka karibu milimita 3.6, na chini ya mabati, kutoka alfajiri ya Julai hadi mchana wa Oktoba, nyuzi 15 si ajabu. Epoksi ya milimita 2 au 3 imeng'ang'ania zege pande zote mbili za jointi, kwa hiyo mwendo wote unaishia kwenye mstari mmoja mwembamba. Itapasuka hapohapo, tena ufa wa kupindapinda wenye kingo zinazobanduka. Mwambie mnunuzi kwamba huo ndio uchafu, si mstari ulionyooka uliozibwa vizuri.

Kabla ya kupaka, weka alama ukutani mwanzo na mwisho wa jointi hiyo. Epoksi ikishakauka, kata kwa grainda juu ya mstari uleule, ingiza kamba ya povu, kisha silanti (kizibo kinachovutika kama mpira) laini ya poliyurethani. Upana ukiwa milimita 20, silanti iwe na kina cha 10 hivi, na ishike kuta mbili tu. Ikishika na chini, itachanika. Kama troli za paleti zinapita hapo, kingo zijengwe kwanza kwa epoksi na mchanga wa kwatzi, maana matairi madogo magumu huzimega.

Ile ya kati ya zege la siku ya kwanza na la pili, pamoja na zile za msumeno, zipime. Pitisha kiraka chembamba cha jasi juu ya jointi sehemu kadhaa, kiache wiki tatu au nne. Kikipasuka, jointi inatembea: ijaze, paka, kisha ikate tena na kuitia silanti. Kikibaki kizima, fundi anaweza kufunika, ila si kwa epoksi ngumu na mchanga. Atumie kijazio kigumu kiasi cha kubeba tairi lakini chenye kunyumbuka kidogo, na akijaze mpaka chini ya mkato. Kamba ya povu hapo ni kosa, tairi litadidimiza kijazio. Hata hivyo, ukubali kwamba mstari mwembamba kama unywele unaweza kujitokeza baadaye.

Wakati nao una neno. Jointi hujazwa vizuri zege likiwa baridi, kwa kuwa zimefunguka. Ukizijaza mchana wa joto, baridi ikija kijazio kinaachana na ukuta. Epoksi inataka kinyume chake: nyingi hazikauki vizuri zege likiwa chini ya nyuzi 10, na uso wake uwe angalau nyuzi 3 juu ya kiwango cha umande, yaani joto ambalo unyevu wa hewa huanza kugeuka matone. Julai ya Njombe haikupi hayo kwa urahisi. Ningejaza sasa, Julai, kwa poliyurea, aina ya kijazio ambayo hukauka hata kwenye baridi, na kupaka Septemba. Zege lako bado linasinyaa, kwa hiyo pale kijazio kilipoachana, ongeza kabla ya kupaka.

Na usimlipe fundi kwa mita za mraba peke yake. Mita za jointi ziandikwe na bei yake kando, la sivyo ndizo atakazoziruka.