Maswali yenu: mtoto, hesabu na chenji ya dukani

Wiki hii karibu kila swali limeanza na "mtoto wangu ni mwerevu lakini..." haya twende.

Kijana wangu wa gredi ya 3 kujumlisha anajua, kutoa ndio shida. 502 toa 178 anaandika 476. Nimeeleza mpaka nikapiga kelele. – Mama, Kayole

Mama, kelele weka kando kwanza uangalie hiyo 476 vizuri. Hajabahatisha. Kwake 2 toa 8 haiwezekani, basi amegeuza akafanya 8 toa 2 akapata 6, 7 toa 0 ni 7, 5 toa 1 ni 4. Kila safu anatoa ndogo kwa kubwa. Ana sheria yake na anaifuata vizuri sana, ni vile tu sheria yenyewe ni mbovu. Sasa usimwambie "umekosa rudia", muulize "umefikaje hapa?" alafu umwache aongee mpaka amalize hata kama sukuma inaungua.

Baadaye mfanye mwenye duka. Amekuuzia vitu vya 178, umempa 502 (najua hakuna mtu hulipa hivyo, vumilia). Mwenye duka hatoi, anahesabu akipanda: 178 na 2 ni 180, na 20 ni 200, na 300 ni 500, na 2 ni 502. Zote alizorudisha ni 324. Mtoto wa Nairobi ameona chenji ikihesabiwa hivi tangu akiwa amebebwa mgongoni. Akishashika hiyo ndio umrudishe kwa kukopa: mia tano na shilingi mbili, hakuna kumi hata moja, kwa hivyo mia moja inavunjwa inakuwa kumi kumi, moja ya hizo kumi nayo inavunjwa. Imebaki mia 4, kumi 9 na shilingi 12. Mkitumia makaratasi mliyokata wenyewe ni sawa tu.

Teboli za kuzidisha hazishiki kabisa, anasahau usiku huo huo. – Baba, Githurai

Teboli ya 1 mpaka 10 inaonekana kama vitu 100, ndio maana anaogopa. Toa zile za 1, 2, 5 na 10 ambazo ni rahisi, alafu mwonyeshe 7 mara 8 na 8 mara 7 ni kitu kimoja. Zinabaki 21 peke yake. Mbili kwa siku, mkiwa kwa matatu mmekwama jam, tena ulize bila hasira. 7 mara 8 ikimshinda avunje: 5 mara 8 ni 40, 2 mara 8 ni 16, jumla 56.

Nimpeleke tuition likizo hii? – Mzazi, Rongai

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imekataza tuition ya likizo. Na kusema ukweli dakika 15 na wewe kwa meza kila siku zinamsaidia kuliko masaa matatu ya Jumamosi akiwa amechoka.

Mjukuu ananiambia saa yangu ni ya uongo. Mimi nasema saa mbili asubuhi, yeye anaona 8. – Shosho, Umoja

Shosho, nyinyi wote mko sawa! Sisi tunaanza kuhesabu saa jua likichomoza, shuleni wanaanza usiku wa manane, tofauti ni masaa 6. Chukua ile saa ya ukutani, mwekee kidole pale kwa 8, alafu avuke katikati moja kwa moja upande wa pili. Atagusa 2. Ajaribu na 9, atagusa 3. Alafu mwambie akuambie uji uliiva saa ngapi kwa zote mbili, na yeye ndiye akusahihishe.