Kura za wanaume hazipatikani kwa wese na tisheti

Mkuu, umeuliza kwa nini mikutano ya chama chenu inajaa akina mama huku wanaume wamebaki kandokando wamekalia pikipiki, na mfanyeje muwapate. Nimezunguka na timu za kampeni za udiwani na uenyekiti wa mtaa hapa Dar, acha nikupe ninachokijua.

Tazama vyama vyenyewe vilivyosukwa. Kwa wanawake, CCM ina UWT, Chadema ina BAWACHA. Mama akiwa na jambo anajua pa kulipeleka, na siku ya mkutano kuna mtu wa kumpigia simu. Vijana nao wana UVCCM na BAVICHA, ingawa huko utawakuta zaidi wanaosaka vyeo. Baba wa miaka 40 anayeendesha bajaji nani anamtafuta? Sisemi muunde jumuiya ya wanaume, mtachekwa. Mfuateni kijiweni.

Ila msiende na wese. Misafara nimeiona: pikipiki zinajazwa mafuta, tisheti, bendera, honi mtaa mzima. Kesho yake vijana wale wale wamevaa tisheti za wapinzani wenu. Kwao ile ni tripu kama tripu nyingine, na hawafichi.

Kinachowauma ni hesabu ya bosi, yaani hela ya kila siku ya mwenye chombo. Dereva akidakwa na trafiki, siku imekufa. Bajeti ya 2021/22 iliposhusha faini ya bodaboda na bajaji kutoka sh 30,000 hadi 10,000, vijiweni hakuna aliyehitaji kueleweshwa. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2024, mgombea wetu mmoja alikuja kijiweni saa nne asubuhi, abiria wamepungua, akakaa kwenye benchi lao. Wakamuuliza ushuru wa maegesho wanaotozwa unakwenda wapi. Hakukimbilia ilani. Alienda kuuliza ofisini, akarudi kesho yake na jibu ambalo hata halikuwafurahisha, wakabishana naye mpaka adhuhuri. Siku ya kura kijiwe kile kilishinda kituoni kulinda kura zake, bila posho.

Kwa uchaguzi mkuu kuna hili la daftari la wapiga kura, na hapa ndipo mnapopoteza wengi. Mwanaume amekuja mjini kutafuta, kadi yake kajiandikishia kwao, hajahamisha taarifa. Siku ya kura anashinda anapeleka wenzake vituoni. Daftari likianza kuboreshwa, mtu wenu awe kijiweni kabla hata hamjapata mgombea.