Mnaoanza kusoma historia ya Agano Jipya, angalieni nakala zenyewe kwanza

Wadogo zangu mnaoingia mwaka wa kwanza thiolojia, kuna kozi itawatikisa, ile ya jinsi maandiko ya Agano Jipya yalivyonakiliwa mkono kwa mkono mpaka yakatufikia. Nimekaa na wanafunzi wengi kwenye hii kozi na kila mara wanagawanyika mapema, wengine hawataki kabisa kusikia kwamba kuna hata herufi ilibadilika, wengine hata muhula haujaisha washasema Biblia yote imechakachuliwa. Na wote wanabishana kabla hawajaangalia nakala hata moja!

Anzeni na Sala ya Bwana maana mnaijua kwa kichwa. Fungua Mathayo 6:13 kwenye Union Version utakuta "Kwa kuwa ufalme ni wako, na nguvu, na utukufu" yamefungiwa kwenye mabano. Ni kwa sababu Kodeksi Sinaiticus na Vaticanus, vitabu viwili vya Biblia ya Kigiriki vilivyoandikwa kwa mkono, vyote vya karne ya 4, havina hayo maneno. Sasa usikimbilie kusema kuna mtu alitunga uongo, jiulize kwanza Wakristo wa mwanzo walisali vipi. Kuna kitabu kidogo cha mafundisho, Didake, cha zamani sana, kina sala hiyohiyo na kinaimalizia kwa sifa zinazokaribiana na hizo, kwahiyo inaonekana watu walizoea kuimaliza hivyo ibadani, na mnakili aliyeisali tangu utotoni akifika pale mkono unaendelea wenyewe. Halafu nenda Luka 11. Kwenye nakala ya kale ya mafunjo inayoitwa P75 na kwenye Vaticanus sala inaanza na "Baba" tu, hakuna "yetu uliye mbinguni", nakala nyingi za baadaye ndo zimejaziwa ili Luka afanane na Mathayo. Hili la kufananisha injili moja na nyingine mtalikuta mara nyingi mno, mimi naona linaeleza mambo mengi kuliko njama zote zinazosemwa.

Ila tusijidanganye, yapo mabadiliko mazito. Yale maneno ya 1 Yohana 5:7 kwenye Biblia za zamani, Baba, Neno na Roho Mtakatifu washuhudiao mbinguni, hayamo kwenye nakala za kale za Kigiriki, yaliingia kupitia Kilatini. Msomi Erasmus alipochapisha Agano Jipya la Kigiriki 1516 hakuyaweka, toleo la 1519 pia hakuyaweka, akalaumiwa sana, akaja kuyaweka 1522 baada ya kupatikana nakala moja ya Kigiriki yenye maneno hayo, nayo iliandikwa karne hiyohiyo ya 16. Mwanafunzi akisikia hivi anadhani Utatu umeanguka. Lakini wale mababa wa Kigiriki waliobishana kuhusu Utatu karne ya 4 walijenga hoja zao bila huo mstari, hawakuwa nao.

Kingine mtakachosikia sana kwenye mihadhara ni kwamba mtaguso wa Nikea wa 325, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, ulipiga kura vitabu gani viingie. Kanuni zake 20 zipo, zisomeni, zinaongelea maaskofu, mapadre, walioanguka wakati wa mateso, orodha ya vitabu hamna. Orodha ya kwanza tunayoijua yenye vitabu 27 hivihivi vyetu ni ya barua ya askofu Athanasius wa Aleksandria ya mwaka 367, na hata hapo mambo hayakuisha, Sinaiticus baada ya Ufunuo ina Waraka wa Barnaba na Mchungaji wa Hermas, ambavyo havimo kwenye hivyo 27, na majirani zetu wa Kanisa la Ethiopia mpaka leo wanahesabu vitabu 81 Biblia nzima.

Kwa vitendo sasa: jifunzeni alfabeti ya Kigiriki mapema, hata kabla ya sarufi, halafu ingieni mtandaoni kwenye picha za Sinaiticus, tangu 2009 zipo bure. Mtateseka mwanzoni maana maneno yameandikwa bila nafasi kati yake, vumilieni, ukishayafuata kwa kidole ndo unaelewa mnakili alivyoweza kuruka mstari mzima bila kujua. Mkizoea tafuteni Yohana 7:53 mpaka 8:11, habari ya mwanamke aliyeshikwa kwenye uzinzi. Sinaiticus na Vaticanus hazina, Kodeksi Bezae, nakala nyingine ya kale, inayo, na kuna kundi la nakala limeiweka ndani ya Luka baada ya 21:38. Kabla hujafungua maelezo ya msomi yeyote, andika wewe mwenyewe ukurasa mmoja kwa nini unadhani ilihamahama hivyo, ndipo ukaulinganishe na wanachosema wao.