Unakimbia Windows 10? Linux itakukinga na baadhi ya watu, si wote

Mkuu, umeuliza kama ukihamia Linux (mfumo endeshi huria unaochukua nafasi ya Windows) utapata usalama na faragha, kwa sababu laptopu yako ya Intel kizazi cha nne imekataliwa na Windows 11, na Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mpaka sasa wanaokujibu wamegawanyika. Wapo wanaosema Linux haina virusi na haimpelelezi mtu, wengine wanasema ni mchezo wa wanafunzi wa IT usiokuwa na faida yoyote. Mimi ni fundi wa kompyuta, na Linux iko kwenye meza yangu ya kazi tangu enzi za Windows 7. Sikubaliani na upande wowote, na nitaeleza kwa nini.

Kila anayebishana hapa ana adui wake kichwani, ila hamtaji. Anayesema Linux ni salama anafikiria virusi. Anayesema haisaidii kitu anafikiria serikali au Google. Wewe mwenyewe hujasema unamkimbia nani, kwa hiyo nachukulia wewe ni kama wateja wangu wengi: una faili za kazi, una picha za familia, unafungua benki kwenye kompyuta mara mojamoja, na flashi yako inazunguka mjini kwenye kila stationery unapoprinti.

Tuanze na hiyo flashi, maana hapo Linux inashinda bila ubishi. Wote mnaijua ile hali ya kuchomeka flashi ukakuta mafolda yako yamegeuka njia za mkato. Kirusi kimeficha folda halisi na kuweka faili ya lnk yenye jina lilelile, ukiibofya unakiamsha chenyewe. Flashi hiyohiyo nikiichomeka kwenye Linux, folda iliyofichwa inaonekana waziwazi kama zingine, na faili ya lnk haina pa kwenda kwa sababu imeandikiwa Windows. Nafuta takataka, namrudishia mteja flashi yake, dakika chache tu. Virusi vya Linux vipo, tena vingi kwenye seva na ruta, ila vya aina hii ya mtaani havijaandikwa kwa ajili yako.

Jambo kubwa kuliko virusi vyenyewe ni Windows ya kuchakachua. Kompyuta nyingi zinazofika kwangu zina Windows isiyolipiwa, iliyoamshwa na kiprogramu fulani kutoka mtandaoni. Kiprogramu hicho sharti lake la kwanza ni uzime ulinzi wa virusi, la pili ukipe haki zote za msimamizi. Yaani umemkabidhi mtu usiyemjua nyumba nzima, halafu unauliza antivirasi gani ni nzuri. Wengi huzima na masasisho kabisa kwa kuogopa Windows igundue au imalize bando. Mwezi Mei 2017 WannaCry, kirusi cha kuteka faili, ilipozunguka dunia nzima, kiraka cha ule udhaifu kilikuwa kimetoka tangu Machi. Waliopigwa ni wale ambao hawakuwa wamekiweka.

Ukihamia Linux, tabia hiyo inakufa yenyewe. Hakuna cha kuamsha. Programu unazichukua kwenye ghala la distro yako (toleo la Linux ulilochagua), zimetiwa saini, na sasisho moja linagusa kila kitu kuanzia kiini cha mfumo mpaka kicheza video. Hapa ndipo usalama wa Linux kwa mtu wa kawaida ulipo. Ukihama kisha ukaendelea kunakili amri usizozielewa kutoka YouTube na kuziendesha kwa sudo (amri ya kupata haki zote za msimamizi), hujahama kokote.

Sasa nije kwa ndugu aliyeandika kwamba programu huria haiwezi kuwa na hila kwa sababu kila mtu anaisoma. Ndugu yangu, nani anaisoma? Mwaka 2021 iligundulika kasoro kwenye sudo, programu iliyomo karibu kila Linux, ambayo ilimruhusu mtumiaji wa kawaida kujipa mamlaka yote. Ilikuwa imekaa humo tangu 2011. Karibu miaka kumi, kodi (maandishi yanayounda programu) iko wazi kwa dunia nzima.

Na kisa cha xz mwaka 2024 kinatisha zaidi, kwa sababu hakikuwa bahati mbaya. xz ni programu ndogo ya kubana faili, ilikuwa ikitunzwa kwa kujitolea na mtu mmoja, Lasse Collin. Akajitokeza mtu anayejiita Jia Tan, akachangia kazi nzuri kwa zaidi ya miaka miwili, kwa upole, huku akaunti nyingine zikimlalamikia Collin kwamba anachelewesha kazi. Mwisho Jia Tan akapewa mamlaka ya kutoa matoleo. Kwenye toleo la 5.6.0 na 5.6.1 akaingiza mlango wa nyuma ambao ungemwezesha mwenye ufunguo wake kuingia kwenye seva kupitia SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali. Kodi ya hila ilifichwa ndani ya faili za majaribio, na kipande cha kuiamsha kiliwekwa kwenye furushi la kupakua tu, hakikuwepo mahali ambapo wasomaji wangeangalia.

Aliyeigundua ni Andres Freund, mhandisi aliyekuwa anapima mambo ya PostgreSQL, programu ya hifadhidata, akaona kuingia kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde na kunakula nguvu nyingi ya prosesa. Akachimba, na tarehe 29 Machi 2024 akatangaza. Mwajiri wake? Microsoft. Naona wana-Linux wengi wakisimulia kisa hiki hupenda kuruka hapo. Matoleo yale yalikuwa yameshaingia kwenye matawi ya majaribio ya distro za Debian na Fedora, bado hayajafika yale ya watu wa kawaida. Mimi nakisoma kisa hiki hivi: kwa sababu kodi ilikuwa wazi, mtu mwenye mashaka aliweza kufuatilia mpaka mwisho bila kuomba ruhusa ya mtu, na ndani ya siku chache dunia nzima ilijua. Kwenye programu iliyofungwa angeishia kuandika malalamiko. Lakini uwazi haukuzuia hila kuingia. Ulirahisisha kuikamata, basi.

Na usipakue Linux yako popote tu. Februari 2016 tovuti ya Linux Mint, moja ya distro, ilidukuliwa, kiungo cha kupakua kikaelekezwa kwenye nakala yenye mlango wa nyuma. Watu walikuwa wanakimbilia usalama wakapakua mtego. Ndiyo maana tovuti huweka zile namba ndefu za sha256, za kuthibitisha kwamba faili haijabadilishwa. Zilinganishe na faili uliyopakua, na uhakiki saini yake pia, kwa sababu anayeweza kubadilisha kiungo anaweza kubadilisha na namba iliyo pembeni yake.

Niende kwenye diski, jambo ambalo hakuna aliyeligusa wakati mimi naliona kila wiki. Wateja huja na laptopu wamesahau nenosiri la Windows. Nachomeka flashi yenye Linux, nawasha mashine kupitia flashi, nafungua diski: vyeti, mikataba, picha za harusi, vyote viko mbele yangu. Nenosiri sijaligusa kabisa. Mteja hufurahi kwanza, halafu huanza kuniangalia kwa jicho jingine. Mwizi wa laptopu anaweza kufanya vilevile, na kama umeweka Linux bila kusimba diski (kuifanya isisomeke bila fungu la siri), anafanya hivyohivyo kwako. Linux haisimbi diski mpaka uiambie. Kwenye Mint, ukifika hatua ya kufuta diski, fungua vipengele vya ziada uchague LVM (mpangilio wa sehemu za diski) pamoja na usimbaji. Prosesa nyingi za Intel Core za kizazi hicho zina maelekezo ya AES, yaani ya kusimba, ndani yake, kwa hiyo huenda usione uzito wowote.

Windows nayo inasimba siku hizi. Kuanzia toleo la 24H2 la Windows 11, mashine mpya ukiingia kwa akaunti ya Microsoft diski inasimbwa yenyewe, na ufunguo unahifadhiwa kwenye akaunti hiyo. Ni jambo jema, ila limeniletea wateja wa aina nyingine: skrini ya bluu inayodai tarakimu 48, na mwenye mashine hajui hata kama diski ilisimbwa. Mmoja wao, akaunti ilikuwa ya muuzaji aliyemwashia laptopu siku ya kwanza kwa barua pepe yake mwenyewe. Tulimtafuta muuzaji mpaka tukampata. Kwenye Linux hakuna wa kumtafuta. Ukisahau fungu la siri, mimi na fundi mwingine yeyote hatuna la kukusaidia. Liandike kwenye karatasi, karatasi ifungiwe kabatini. Najua wataalamu watanipigia kelele kuhusu hiyo karatasi, lakini wanaokuwinda kwa mtandao hawana funguo za kabati lako.

Faragha sasa. Ni kweli Windows 10 Home haikupi namna ya kuzima kabisa taarifa inazozituma kwa Microsoft, na Mint haitumi vitu vya namna hiyo. Lakini msiifanye Linux malaika: Ubuntu 12.10, distro nyingine, ya mwaka 2012 ilikuwa inapeleka maneno unayotafuta kwenye kompyuta yako kwa seva za watengenezaji wake ili ikuletee bidhaa za Amazon, mpaka Richard Stallman, mwanzilishi wa harakati za programu huria, akaiita programu ya upelelezi. Ilichukua hadi 16.04 kuzimwa kama chaguo la msingi. Na wanaokutisha kuhusu Recall ya Windows 11, ile ya kupiga picha skrini kila baada ya muda mfupi, wewe haikuhusu. Inahitaji kompyuta mpya zenye chipu maalumu. Mashine yako haiwezi hata kuibeba.

Mengi yanayojulikana kukuhusu hayatoki kwenye mfumo wa kompyuta, yanatoka kwenye kivinjari. Ukiweka Linux kisha ukaingia Chrome kwa akaunti ileile, Google wanaendelea pale walipoishia. Weka kivinjari cha Firefox na kizuia matangazo cha uBlock Origin, hizo mbili zitakufanyia mengi kuliko kubadilisha distro.

Halafu kuna simu. Android inatumia kiini cha Linux, kwa hiyo karibu wote tunaobishana hapa tayari tuna Linux mfukoni, na ndiyo inayotuumbua kuliko kitu kingine chochote. Mnakumbuka zile apu za mikopo: unakopa kidogo, zinasoma namba zote za kwenye simu, ukichelewa kulipa wanapigiwa mama mkwe, bosi na jirani. Google walizizuia apu za mikopo kusoma namba na picha kuanzia Mei 2023, na Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya 69 zisizo na leseni Novemba 2024. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 tunayo. Lakini aliyebonyeza "ruhusu" ni mwenye simu. Na yule wa "ile hela tuma kwenye namba hii" hajali unatumia Debian au Windows XP.

Kwa hiyo uhame? Kwa mashine hiyo na matumizi niliyoyataja, ndiyo. Mwenzetu aliyekushauri ubaki na masasisho ya nyongeza ya Windows 10 hajakosea, yapo mpaka Oktoba 2026 na yanaweza kupatikana bila malipo ukiwa na akaunti ya Microsoft. Ila baada ya hapo utarudi na swali hilihili.

Usihame kama hesabu za duka lako ziko kwenye Tally au QuickBooks ya kwenye kompyuta. Kuna watu watakwambia utumie Wine, programu ya kuendeshea programu za Windows ndani ya Linux. Hao hawatakuwepo mwisho wa mwezi ripoti ikigoma kufunguka. Usihame pia kama kila siku unarudishiana na ofisi nyaraka za Word zenye majedwali mengi. LibreOffice, mbadala wa Office kwenye Linux, inazifungua vizuri, lakini mpangilio huhama, na bosi ataona wewe ndiye umeharibu fomu. Kwa barua, CV, Excel za kawaida na mtandao hutakwama. Printa za HP kwa kawaida hukubali bila shida, hizi nyingine jaribu kwanza.

Na tafadhali usimsikilize aliyekwambia uweke Kali kwa sababu ndiyo wanayotumia wadukuzi. Kali ni sanduku la zana za kupima udhaifu wa mifumo, na wanaoitengeneza wenyewe wanasema haimfai anayeanza wala matumizi ya kila siku. Weka Mint yenye mwonekano wa Cinnamon, au ule mwepesi wa XFCE kama RAM ni GB 4.

Usifute kitu leo. Nakili faili zako kwenye diski ya nje, tengeneza flashi ya Mint, washa kupitia flashi bila kusakinisha, ujaribu sauti, printa na Wi-Fi. Baadhi ya laptopu za umri huo zina kadi za Wi-Fi za Broadcom ambazo haziamki mpaka ziwekewe draiva, na utahitaji kuunganisha simu kwa waya wa USB upate intaneti ya kuipakua. Ukishawasha, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) uandike lspci, kisha bandika hapa mstari wenye neno Network nikwambie kadi yako ni ya kundi gani.