Usimpe laki nne kabla hujasoma mstari wa uraia

Izuie hiyo pesa, mdogo wangu. Umesema uko mwaka wa pili SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, unataka mafunzo ya utafiti wa jeni za ubongo Marekani kuanzia Juni, na kijana wa Darajani anataka laki nne akujazie fomu. Umeuliza pia uandike nini kwenye insha na kama lazima ujue kuandika programu za kompyuta. Hayo yatasubiri.

Mafunzo mengi ya namna hiyo huko Marekani, yale ya utafiti kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza yanayoitwa REU, hulipiwa na NSF, shirika la serikali ya Marekani la kugharimia sayansi. Fungu hilo ni la raia wa Marekani na wakaazi wake wa kudumu. Mtoto wa Pemba hata awe na alama za juu vipi, hawezi kulipiwa kwa fungu lile. Laki nne ni za nini basi?

Mimi nililipa. Zilikuwa pesa za karafuu za baba yangu, Wete, za kuchuma na kuanika msimu mzima. Nikavuka kwa boti kuja Unguja kugongesha mihuri nakala za matokeo, nikawasumbua walimu waniandikie barua. Kishoka niliyemlipa anijazie fomu akaniambia, "Nipe neno la siri tu, kuna kipengele kimoja nitakimaliza mwenyewe." Kipengele chenyewe kilikuwa uraia. Alitia alama kwamba mimi ni raia wa Marekani! Niliiona nilipofungua akaunti baada ya kukataliwa, na wallahi mikono ilinitetemeka. Kudai uraia wao kwa uongo kunaweza kukufungia viza umri wako wote. Nikawaandikia chuo usiku uleule kuwa taarifa ile si yangu. Yeye nilipompigia akasema, "Wote ndivyo wanavyofanya," kisha hakupokea tena. Mtu anakula jasho la mzee wa shamba, halafu anamtia mwanawe kwenye kesi ya uongo. Sitamsamehe, na naumia kuona wenzake bado wanapata wateja.

Kwa hiyo kabla ya insha, kabla ya barua, kabla ya pasipoti, tafuta mstari unaosema nani anapokelewa. Usome mwenyewe, kwa macho yako. Na neno lako la siri asilijue mtu.

Milango iliyo wazi ipo. Taasisi za utafiti kama ISTA ya Austria na OIST ya Okinawa, Japani, hupokea wanafunzi wa mataifa yote, na zote zina maabara za ubongo. Angalia tu mwaka wa masomo wanaoutaka. Karibu zaidi, Kilifi, Kenya, watafiti wa kituo cha utafiti wa afya cha KEMRI-Wellcome wamo katika NeuroDev, utafiti unaochunguza jeni za watoto wenye usonji na waliochelewa kukua kiakili. Wapo pia shirika la TReND in Africa, wanaofundisha sayansi ya ubongo kwa kutumia inzi wa matunda, maana sehemu kubwa ya jeni za magonjwa ya binadamu zina wenzao ndani ya inzi yule.

Nataka uende, kwa sababu data nyingi za jeni duniani ni za watu wenye asili ya Ulaya, na huku kwetu mtoto akianguka kifafa bado wapo wanaomwanzia makombe, yale maji ya aya ya kunywa, kabla ya hospitali.

Weka hapa jina la programu aliyokutajia huyo kijana. Nitaufungua ukurasa wao leo usiku nikuoneshe mstari wenyewe.